SOMO: Mshahara wa Shambani na Mshahara wa Kampala



Kila mara tunawaaga wenzetu wanaotoka mashamba ya miwa ya upande wa Jinja kwenda kutafuta kazi katika viwanda vya Kampala, hasa kule Namanve. Hatuwakatazi. Kila mtu ana haki ya kutafuta nafuu. Lakini anayefunga mzigo wake apige hesabu kwanza, na hesabu hiyo ndiyo somo letu.

Tuseme shambani ulipata shilingi 150,000 kwa mwezi, na kiwandani umeahidiwa 230,000. Unaona faida ya 80,000. Sasa tutoe. NSSF hukata asilimia 5, yaani 11,500. Chumba kimoja, ambacho Kampala huitwa muzigo, tukiweke 70,000. Nauli ya taksi 1,500 kwenda na 1,500 kurudi, kwa siku 26, ni 78,000. Umebaki na 70,500, na bado hujala. Shambani, baada ya NSSF kukata 7,500, ulibaki na 142,500, nawe ulilala nyumba ya kampuni, uliokota kuni, na pengine ulikuwa na mihogo nyuma ya laini. Mjini hata maji hununuliwa kwa jerikeni. Bei hizi ni za mfano, weka zako.

Kinachokula zaidi hapa ni nauli. Tafuta chumba karibu na kazi, hata kama ni kidogo. Wa Namanve akilala Bweyogerere ataweza kwenda kwa miguu. Akilala Bwaise atavuka mji mzima, tena Bwaise na sehemu za Namuwongo maji ya mvua huingia ndani. Kabla ya kutoa pesa, tazama ukutani kama kuna alama ya maji. Mwenye nyumba hatakuambia. Ukishahamia, jitambulishe kwa mwenyekiti wa LC1 ukiwa na barua ya mwenyekiti wa kwenu. Vijana huona hili ni jambo la kizee, hadi siku wanapohitaji mtu wa kuwashuhudia polisi.

Sasa jambo zito zaidi. Wengi huingia kiwandani kama vibarua wa siku. Kanuni za Ajira za mwaka 2011 zilisema mtu asiwekwe kibarua zaidi ya miezi 4. Akifanya kazi mfululizo hadi hapo, anastahili mkataba wa maandishi. Kuna waajiri wanaolijua hili kuliko sisi. Mwezi wa nne ukikaribia, mtu huambiwa apumzike wiki moja, kisha huitwa tena kama mgeni. Kwa hiyo nunua daftari. Andika tarehe uliyoanza, siku ulizofanya kazi, kiasi ulicholipwa na aliyekulipa. Ujumbe wa malipo kwenye simu usiufute. Mwenye daftari tunaweza kumsemea mbele ya afisa wa kazi. Asiye na kitu tunabaki kumhurumia tu.

Namba ya NSSF ni ileile ya shambani, usikubali kufunguliwa nyingine. Mwajiri naye huongeza asilimia 10 kutoka mfukoni mwake, na tangu sheria ilipobadilishwa mwaka 2022 wajibu huo ni wa waajiri wote, hata mwenye mfanyakazi mmoja.

Wala usitegemee kima cha chini. Kile cha mwaka 1984 kilikuwa shilingi 6,000 kwa mwezi. Bunge lilipitisha muswada mpya mwaka 2019, lakini rais hakuusaini. Kinachopandisha mshahara ni mapatano ya chama na mwajiri, na wengi wetu shambani tulikuwa nayo bila kujua thamani yake.

Kabla ya kuondoka, pita kwa katibu wa tawi lako, mwachie namba yako ya simu, uchukue barua ya kuonyesha kuwa wewe ni mwanachama. Ukifika kiwandani, uliza mwakilishi wa wafanyakazi ni nani. Kama hayupo, tuarifu.