Kutoka Mahitaji hadi Usanifu wa Programu: Somo la Kadi na Daftari

Mwalimu anayefundisha utungaji wa programu za kompyuta katika madarasa ya juu ya shule ya msingi hana budi kutenganisha mambo mawili ambayo wanafunzi huyachanganya. Mahitaji hueleza programu itende nini. Usanifu hueleza programu igawanywe katika sehemu zipi, na kila sehemu ijue nini. Hili la pili halipatikani kwa kunakili la kwanza.

Mfano ufaao ni ule alioutoa David Parnas wa Chuo Kikuu cha Carnegie-Mellon, Marekani, mwaka 1972. Mahitaji yake ni mafupi: programu ipokee mistari ya maneno, kila mstari uzungushwe, yaani neno la kwanza lihamishiwe mwisho, mpaka kila neno lipate zamu ya kutangulia, kisha mizunguko yote ipangwe kialfabeti na kuchapwa. Kwa hiyo "maji ya kisima" huzaa pia "ya kisima maji" na "kisima maji ya".

Wasomee wanafunzi mahitaji hayo, uwaulize kazi igawanywe vipi. Aghalabu watafuata hatua: kikundi cha kupokea, cha kuzungusha, cha kupanga, cha kuandika matokeo. Usiwakataze. Waifanye kwa kadi za manila, kila kadi neno moja, zikiwa zimetandazwa mezani ili vikundi vyote vizisome. Kazi itakwenda vizuri (kelele zitakuwapo, wala si dalili mbaya).

Hapo ubadili jambo moja tu: ondoa kadi, maneno yaandikwe katika daftari. Matokeo yanayotakiwa ni yale yale, lakini vikundi vyote vinne vitakwama, kwa kuwa kila kimoja kilizoea kadi.

Sasa rudia kwa mgawanyo alioupendelea Parnas. Mteue mtunzaji wa mistari, akae nyuma ya ubao. Kikundi cha kupokea kimtajie maneno, vingine vimwulize tu: "Neno la pili la mstari wa tatu ni lipi?" Badili tena kadi kwa daftari. Atakayejifunza upya ni mtunzaji peke yake. Wengine hata hawatajua kwamba kitu kimebadilika.

Ndipo uwaulize swali ambalo kwa maoni yetu ndilo kiini cha somo: katika mahitaji haya, ni uamuzi gani mwingine huenda ukabadilika? Je, mizunguko iandikwe yote, au itajwe kwa namba ya neno linalotangulia tu? Je, mistari ipangwe yote kwa pamoja, au kila mmoja utafutwe unapohitajika? Kila uamuzi wa namna hiyo ufichwe ndani ya sehemu yake.

Mwanafunzi mwepesi atalalamika kwamba kuuliza kila neno kunachelewesha kazi. Ana haki, Parnas naye alilieleza tatizo hilo. Acha darasa lijadili kama ucheleweshaji huo unastahili kuvumiliwa.

Mistari mitatu yatosha kwa vipindi viwili vya dakika 40.