Leonard Mambo Mbotela na Swali la Uungwana: Kumbukumbu na Tathmini

Utangulizi

Leonard Mambo Mbotela aliaga dunia tarehe 7 Februari 2025 jijini Nairobi, akiwa na umri wa miaka 84. Tanzia zilizofuata zilimpamba kwa majina ambayo kila gwiji hupewa anapofariki: nguli, mlezi wa vipaji, maktaba iliyoteketea. Hapana ubaya katika sifa hizo, ila zingeweza kutolewa kwa mtu mwingine yeyote aliyeishi miaka mingi katika kazi yake. Hazielezi ni nini hasa alichokifanya mtangazaji huyu kwa lugha ya Kiswahili. Makala haya yanamkumbuka marehemu kwa njia finyu zaidi. Yanayachukua maneno manne, yaani jina la kipindi chake cha redio Je, Huu ni Uungwana?, na kuyachunguza kwa jinsi ambavyo mwanafunzi wa fasihi huuchunguza mshororo wa shairi.

Wasifu wake kwa muhtasari ni huu. Alizaliwa tarehe 29 Mei 1940 huko Frere Town, Mombasa. Alijiunga na Sauti ya Kenya mwaka wa 1964, mwaka uleule ambapo serikali ililitaifisha shirika la utangazaji na kulipa jina hilo. Kipindi chake kilianza mwaka wa 1966 na kikadumu hewani kwa zaidi ya nusu karne, hata baada ya Sauti ya Kenya kurejea kuwa Shirika la Utangazaji la Kenya mwaka wa 1989. Wengine walimjua zaidi kwa utangazaji wa kandanda, na hilo lingestahili makala yake peke yake.

Ikumbukwe kwamba mwaka wa 1966 Kiswahili hakikuwa somo la lazima la kutahiniwa katika shule za msingi nchini Kenya. Hadhi hiyo ilikuja na mfumo wa 8-4-4 mwaka wa 1985. Bungeni nako, Kiswahili kilianza kutumiwa mwaka wa 1974. Kwa hiyo kwa takriban miongo miwili, Mkenya wa bara ambaye hakuzaliwa katika lugha hii, na ambaye mwalimu wake hakuwa na sababu ya kumkazania, alikuwa na mwalimu mmoja aliyemfikia nyumbani bila karo: Idhaa ya Taifa. Wanaisimu wameandika mengi kuhusu kamati na tume za lugha, na machache mno kuhusu redio iliyokuwa juu ya kabati. Hilo ni pengo katika taaluma yetu ya Kiswahili, na kifo cha Mbotela kimelifanya lionekane wazi zaidi.

Neno uungwana na mji wa Frere Town

Msomaji wa leo akilisikia neno uungwana hufikiria adabu, ustaarabu na upole wa tabia. Hiyo ndiyo maana iliyomo katika kipindi. Hata hivyo, neno hili lina umri mrefu kuliko maana hiyo. Katika miji ya mwambao, muungwana alikuwa mtu aliyezaliwa huru, mwenye ukoo unaojulikana, mwenye nyumba mjini na dini inayotambulika. Kinyume chake hakikuwa mtu asiye na adabu. Kinyume chake kilikuwa mtumwa. Uungwana haukuwa jambo ambalo mtu angeweza kulitenda asubuhi na kulikosa jioni. Ulikuwa cheo cha kuzaliwa, na aliyekikosa tumboni mwa mamake hakukipata sokoni.

Hata hivyo, ulikuwa cheo chenye mipaka inayoteleza. Misafara ya biashara ilipopenya hadi mashariki ya Kongo katika karne ya 19, wapagazi na askari wa misafara hiyo, ambao wengi wao walikuwa watumwa au watu waliotoka utumwani, walijiita waungwana mbele ya wenyeji. Kutokana na jina hilo, Kiswahili cha eneo hilo kikaja kuitwa Kingwana. Mtu aliyekuwa mtumwa Pwani aligeuka muungwana ng'ambo ya Ziwa Tanganyika. Neno lilikuwa limekwisha kuanza safari yake.

Sasa na itazamwe Frere Town. Mji huu ulianzishwa na wamisionari wa Church Missionary Society mwaka wa 1875, upande wa bara kaskazini ya kisiwa cha Mombasa, ukapewa jina la Sir Bartle Frere. Waliokaa humo walikuwa watu waliookolewa na manowari za Kiingereza kutoka majahazi ya watumwa, pamoja na Waafrika waliokuwa wamekombolewa mapema na kusomeshwa Nasik, India. Kengele ya mji huo ndiyo iliyolizaa jina la Kengeleni, ambalo kila abiria wa matatu ya Kisauni analijua, ingawa huenda hajawahi kujiuliza ni kengele gani hiyo. Uhusiano wa misheni na waungwana wa mjini haukuwa mwema. Watoro waliokimbia mabwana zao walijificha misheni, mabwana wakaja kuwadai. Mnamo Januari 1889 ilibidi Kampuni ya Kiingereza ya Afrika Mashariki iwalipe mabwana fidia kwa ajili ya watoro zaidi ya 1,400, hasa wale waliokuwa Rabai. Hali ya utumwa haikufutwa kisheria katika mwambao wa Kenya hadi mwaka wa 1907.

Ukoo wa Mbotela ni zao la historia hiyo. Ni ukoo wa watu waliotekwa, wakauzwa, wakakombolewa na kupandwa upya Frere Town. Ni ukoo huohuo uliotoa James Mbotela, mwandishi wa Uhuru wa Watumwa kilichochapishwa mwaka wa 1934, kitabu ambacho kila mwanafunzi wa riwaya ya Kiswahili hukutana nacho katika mhadhara wa kwanza au wa pili. Wahakiki wamebishana kama kitabu hicho ni riwaya au historia, na wengi wamekilaumu kwa kumtukuza Mwingereza kupita kiasi. Lawama hiyo ina haki yake. Lakini jambo moja halijasisitizwa vya kutosha: kitabu hicho kiliandikwa kwa Kiswahili fasaha na mtu ambaye, kwa kipimo cha kale cha mji alioishi pembeni mwake, hakuwa na haki ya kuitwa muungwana.

Na miaka 32 baadaye, mtu wa ukoo huo akaketi mbele ya kipaza sauti na kuliuliza taifa zima kama matendo yake ni ya kiungwana.

Hakuna dai hapa kwamba Mbotela alilichagua jina la kipindi kwa kusudi la kulipiza kisasi cha kihistoria. Lililo muhimu ni kile ambacho jina lenyewe linatenda. Ili mtu aweze kuuliza "Je, huu ni uungwana?" kuhusu kitendo, ni lazima kwanza uungwana uwe umekwisha kuondolewa katika damu na kuwekwa katika tabia. Kwa kipimo hicho kipya, tajiri mwenye ukoo wa vizazi kumi anaweza kushindwa, na mjukuu wa mtumwa akafaulu. Mabadiliko hayo ya kisemantiki yalianza kabla ya redio. Lakini ni vigumu kukitaja chombo kingine kilichoyasambaza kutoka Lamu hadi Lodwar, mwaka baada ya mwaka, kwa watu ambao hawakuwahi kuijua maana ya kwanza.

Swali badala ya amri

Fasihi ya Kiswahili haikosi utanzu wa nasaha. Utendi wa Mwana Kupona wa karne ya 19 ndio mfano mashuhuri: mama anamwusia binti, na usemi wake ni wa kuamuru. Mawaidha ya msikitini na mahubiri ya kanisani hufuata njia hiyo. Mwenye hekima husema, msikilizaji hupokea.

Mbotela alifanya kazi ileile ya nasaha, ila aliigeuza sura. Alieleza kisa, kisha akauliza. Kisarufi, swali lake linastahili kutazamwa kwa karibu. Kiulizi "je" kinamwamsha msikilizaji. Kionyeshi ni "huu", si "huo" wala "ule", kwa hiyo kitendo kinaletwa karibu, kinawekwa mezani mbele ya mzungumzaji na msikilizaji kwa pamoja. Kisha hakuna nafsi. Hakuna "wewe", hakuna "yeye". Kinachoshtakiwa ni kitendo, na mtendaji ameachwa ajitambue mwenyewe. Chukua kisa cha aina hii kwa mfano: mtu amekopa pesa kwa jirani, na siku ya kulipa akimwona jirani anavuka barabara. Mwenye kuhutubu angesema, "Lipeni madeni yenu." Anayeuliza kama huo ni uungwana humwacha mdaiwa akiwa sebuleni mwake, redio ikinguruma, watoto wakimtazama. Hiyo ni balagha yenye makali, na ni adabu pia, kwa sababu haimvui mtu nguo hadharani.

Inafaa kuongezwa kwamba mbinu hii iko karibu na hadithi za jadi kuliko ilivyo karibu na habari za redio. Ina fanani, ina hadhira inayotarajiwa kujibu, ina kisa kifupi kinachorudiwa kwa sura mbalimbali. Tofauti ni kwamba fanani haisikii hadhira yake ikijibu.

Maswali mawili

Kumbukumbu ya haki haiwezi kukwepa mipaka ya kipindi hicho. Mwaka wa 1968, miaka miwili baada ya Je, Huu ni Uungwana? kuanza, kijana mwingine wa Mombasa aliliuliza taifa swali. Abdilatif Abdalla alikiandika kijikaratasi cha Kenya: Twendapi?, akafungwa jela miaka mitatu, kuanzia 1969 hadi 1972. Kutokana na kifungo hicho kikatokea Sauti ya Dhiki, diwani iliyochapishwa mwaka wa 1973. Baadaye yeye naye akawa mtangazaji, lakini ugenini, katika Idhaa ya Kiswahili ya BBC mjini London.

Maswali mawili ya Kiswahili, wauliza wawili wa mji mmoja, kipindi kimoja cha historia. Moja lilimpeleka mwulizaji jela. La pili lilidumu hewani zaidi ya miaka hamsini. Si haki kulitumia la kwanza kumpigia Mbotela, kana kwamba kila mtangazaji alipaswa kufungwa. Lakini si haki pia kujifanya kwamba tofauti haipo. Redio ya serikali ingeweza kuuliza kuhusu mgeni asiyeaga na abiria asiyempisha mzee. Haingeweza kuuliza kama ni uungwana kumweka mtu kizuizini bila kesi, ingawa walimu wa vyuo vikuu, miongoni mwao mshairi na mtunzi wa tamthilia Alamin Mazrui, walikuwa wakiwekwa kizuizini mwaka wa 1982. Uungwana wa kipindi ulikuwa uungwana wa raia kwa raia. Uungwana wa dola kwa raia haukuwa na kipindi.

Katika mwaka huohuo wa 1982 historia ilimfuata mtangazaji nyumbani. Alfajiri ya Jumapili tarehe 1 Agosti, wanajeshi waasi wa Jeshi la Wanahewa wakiongozwa na Hezekiah Ochuka walimchukua Mbotela kwa nguvu, wakampeleka kituoni na kumlazimisha atangaze kwamba serikali imepinduliwa. Baadaye siku hiyohiyo, majeshi tiifu yakiongozwa na Mahamoud Mohamed yalipokitwaa kituo, sauti ileile ikawatangazia wananchi kwamba serikali ya Rais Moi ingali madarakani.

Kisa hiki husimuliwa kama ajabu ya maisha ya mtu mmoja, na mwenyewe alikisimulia mara nyingi kwa ucheshi wake. Kwa mwanafunzi wa lugha kina uzito mwingine. Ochuka alikuwa na bunduki, alikuwa na kituo, na alikuwa na watu wanaojua kusoma. Bado aliona kwamba tangazo lisingeaminika bila sauti ambayo wananchi walikuwa wameizoea. Imani hiyo haikujengwa na taarifa za habari peke yake. Ilijengwa pia na miaka 16 ya kuulizwa maswali madogo kuhusu mikopo, ugeni na foleni. Waasi na serikali, kila mmoja kwa zamu yake, waliiazima imani hiyo kwa saa chache, na mwenye sauti hakuulizwa hiari yake. Swali la kama huo ulikuwa uungwana halikusomwa hewani.

Kazi iliyobaki

Vitabu vya James Mbotela na Abdilatif Abdalla vimo katika maktaba, na tasnifu zinaendelea kuandikwa juu yake. Kipindi cha redio ni kitu kingine. Kinahitaji kusikizwa, kunukuliwa neno kwa neno na kuwekwa katika maandishi kabla hakijaweza kufundishwa. Kazi ya namna hiyo ingekifaa sana kizazi cha sasa cha wanafunzi wa uzamili, na isingehitaji nadharia ya kuagizwa kutoka mbali. Ingeanza na kinasa sauti na wazee waliokuwa wakisikiliza, kwa sababu sehemu ya hadhira ndiyo iliyopotea zaidi. Je, walijibu? Walijibu nini, na nani aliyekuwa chumbani?

Jambo moja kuhusu hadhira hiyo linajulikana tayari. Kauli ya kipindi ilitoka redioni ikaingia mitaani, ikawa kama methali. Mkenya asiyewahi kukisikiliza kipindi humwambia kondakta aliyemzidishia nauli, "Je, huu ni uungwana?" Husemwa hivyo pia kwa mbunge aliyejiongezea mshahara na kwa ofisa aliyekula pesa za umma, bila kuomba ruhusa ya idhaa yoyote.