Tokeni ya LUKU Inapochelewa Baada ya Malipo

Mteja wa Momela anaponunua umeme kwa simu, ombi lake hupelekwa kwenye seva yenye kanzidata ya wateja. Seva hutafuta namba ya mita, hukokotoa uniti, kisha hurudisha tokeni ya tarakimu 20. Kanzidata isiyo na faharasa hupekua kumbukumbu moja baada ya nyingine. Maombi yakizidi, foleni hurefuka. Mei 2021, ununuzi wa LUKU ulikwama nchini kwa siku kadhaa.

Tokeni ikichelewa, usilipe tena: malipo mapya ni ombi jipya, na fedha zaidi huzuiliwa. Hakiki namba ya mita, hifadhi ujumbe wa muamala na uwasiliane na TANESCO. Usiporidhika na majibu, wasilisha lalamiko EWURA.