Ghorofa Mpya Katikati ya Nyumba za Bati: Maswali ya Kariakoo

Ukipita mitaa ya Kariakoo, Dar es Salaam, utakuta nyumba ya bati imebanwa na ghorofa mbili, au shimo lililozungushiwa mabati na lori la kokoto limeziba nusu ya barabara. Mapengo hayo yanajazwa karibu yote kwa mtindo mmoja: fremu za maduka chini, makazi au stoo juu. Msanifu majengo anajibu maswali ya wanaoishi humo, wanaomiliki viwanja na wanaotaka kununua.

Ardhi ya Kariakoo ni ghali sana. Kwa nini bado kuna mapengo?

Kwa sababu viwanja vingi vya pale bado ni vya familia. Vilipimwa vidogo vidogo tangu enzi za ukoloni, vikatosha nyumba ya Kiswahili ya vyumba sita: korido katikati, vyumba vitatu kila upande, ua nyuma wenye jiko na choo. Mzee aliyejenga amefariki, watoto wake nao wana wajukuu, mirathi haijafungwa, na hakuna anayeweza kusaini peke yake. Jirani ambaye familia yake ilielewana mapema ameshapanda ghorofa nane.

Na kiwanja unachokiona kitupu si kitupu. Ndani kuna wapangaji, mama lishe, na machinga wanaoweka mizigo usiku. Mchoro wa mwekezaji hauwaonyeshi hao.

Maduka chini na watu juu: si mtindo wa kuiga huu?

Hata kidogo. Mji Mkongwe wa Zanzibar umeishi hivyo tangu karne ya 19, na nyumba za zamani za Mtaa wa India hapa mjini zilijengwa duka likiwa chini na familia ya mwenye duka juu. Hata nyumba ya Kiswahili: chumba cha mbele kilikuwa kikigeuzwa duka bila kuomba mchoro kwa mtu. Kilichobadilika ni urefu, na kwamba aliye juu na aliye chini hawajuani tena. Hapo ndipo matatizo karibu yote yanapoanzia.

Jirani amechimba shimo refu mpakani, na ukuta wetu umeanza kupasuka. Tufanye nini?

Kama ufa unaongezeka, au mlango uliokuwa ukifunga sasa umegoma, tokeni kwanza ndani. Maneno yatafuata baadaye. Kisha nendeni ofisi ya mhandisi wa halmashauri ya jiji mkaombe kazi isimamishwe hadi ikaguliwe. Pigeni picha za nyufa, wekeni alama ya penseli mwisho wa kila ufa na tarehe yake. Siku mbili tatu zitawaonyesha kama ukuta unatembea.

Sababu ni hii. Sehemu kubwa ya Dar es Salaam imekaa juu ya mchanga, na maji ya ardhini hayako mbali. Nyumba ya zamani ina msingi mfupi. Anayechimba ghorofa ya chini ya ardhi hadi mpakani huondoa udongo uliokuwa ukiushikilia msingi huo kwa ubavu. Akivuta maji kwa pampu usiku na mchana, mchanga uliobaki nao hushuka. Kazi hii hufanyika salama endapo mkandarasi atajenga kwanza ukuta wa kuzuia udongo, au atachimba kipande kwa kipande huku akiuimarisha msingi wa jirani, na endapo nyumba za jirani zilikaguliwa kabla ya sururu ya kwanza. Kinachoua ni haraka ya kupata fremu za ziada chini ya ardhi.

Nchi imeshalia vya kutosha. Tarehe 29 Machi 2013, Ijumaa Kuu, jengo la ghorofa 16 lililokuwa likijengwa Mtaa wa Indira Gandhi lilianguka na kuua watu 36. Tarehe 16 Novemba 2024 likaanguka la ghorofa nne hapahapa Kariakoo, wafanyabiashara na wateja wakiwa ndani. Walikufa watu wapatao 30. Hili la pili lilikuwa jengo linalotumika, kwa hiyo tusijidanganye kwamba hatari huisha siku mafundi wanapoondoka.

Ghorofa ya tatu ya jengo letu imegeuzwa stoo. Je, kuna madhara?

Yanaweza kuwa makubwa. Kwa viwango vya Uingereza, ambavyo wahandisi wetu wamevitumia kwa muda mrefu, sakafu ya makazi hupigiwa hesabu ya mzigo wa kilo 150 hivi kwa mita mraba. Stoo huhesabiwa kilo 240 kwa kila mita moja ya kimo cha mzigo. Panga robota za mitumba au majora ya vitambaa hadi mita mbili na nusu, umefika kilo 600: mara nne ya kile ambacho sakafu ile iliandaliwa kubeba. Ninapoona wapagazi wanapandisha robota kwenye ghorofa iliyopewa kibali kama vyumba vya kulala, sihitaji kusoma faili.

Hapohapo kuna mpangaji wa chini anayevunja ukuta, au kuchonga nguzo, ili fremu yake ipanuke. Amelipa kilemba kikubwa, anajiona mwenye mali. Nguzo ile haibebi fremu yake. Imebeba watu wote walio juu yake. Mwombeni mwenye jengo alete mhandisi aliyesajiliwa na aandike ripoti. Akikataa, barua iende halmashauri na kwa Bodi ya Usajili wa Wahandisi.

Mzee wetu ametuachia nyumba. Mwekezaji anataka ubia: sisi kiwanja, yeye ghorofa. Tukubali?

Ubia si mbaya, na kwa familia isiyo na mtaji huenda ndiyo njia pekee ya kubaki Kariakoo badala ya kuuza na kuhamia mbali. Lakini msisaini kabla mahakama haijamthibitisha msimamizi wa mirathi, na kabla hamjakubaliana wenyewe kwa wenyewe, wakiwemo dada zenu walioolewa mikoani.

Msikubali mkataba unaosema tu "asilimia 40". Asilimia 40 ya nini? Fremu moja ya mbele inaweza kulipa kuliko ghorofa nzima ya juu. Mgao uandikwe kwa namba za fremu na namba za vyumba kwenye michoro iliyopitishwa, na michoro ikibadilika mkataba ujadiliwe upya. Ulizeni hati itakaa kwa nani. Mwekezaji akiiweka rehani benki na mradi ukakwama, mtabaki na shimo, tena lenye deni. Kodi ya mahali mtakapoishi wakati wa ujenzi alipe yeye hadi siku ya kukabidhiwa funguo. Ni fedha ndogo kwake, ila humkumbusha kumaliza.

Wakili wenu asiwe wakili wake. Hili nalirudia kwa kila familia.

Nataka kununua nyumba juu ya maduka. Niangalie nini?

Kwanza, hati. Sheria ya mwaka 2008 ya umiliki wa sehemu za majengo inaruhusu kila nyumba ndani ya ghorofa kuwa na hati yake, na wamiliki kuwa na chama cha kusimamia ngazi, lifti, paa na matangi. Ukiambiwa "hati ipo, ila ni moja ya jengo zima", unachonunua ni ahadi.

Kisha nenda mwenyewe usiku, baada ya maduka kufungwa. Zipo ghorofa ambazo ngazi ya wakazi inaanzia ndani ya ukumbi wa maduka, na geti likifungwa saa mbili usiku, ufunguo unabaki kwa mlinzi. Hapo usinunue, hata bei ikiwa nzuri namna gani. Uliza pia kama mita ya LUKU ni yako mwenyewe, na nani analipia dizeli ya jenereta: mara nyingi wenye maduka wanataka iwake mchana tu.