Ni Nani Aamuaye Bei ya Stima?

Wengi hudhani kwamba kampuni ya stima hupandisha bei ipendavyo. Sivyo. Kwa Sheria ya Kawi ya mwaka 2019, kampuni hupeleka maombi na hesabu zake kwa mamlaka ya serikali, EPRA, nayo huwaita wananchi watoe maoni kabla ya kukata shauri. Asiyefika hulalamika baadaye. Hata hivyo, mwezi wa Aprili 2023 bei ya chini kabisa, iliyowafaa waliotumia hadi uniti 100 kwa mwezi, ikabakia kwa wasiozidi 30. Nao wenye nyumba ndogo waliumia. Lakini gharama ya mafuta ya mitambo hubadilika kila mwezi pasipo mkutano wowote. Hiyo hutangazwa katika Gazeti la Serikali, tena huandikwa peke yake katika risiti yako.