Boksi Lisitupwe: Mwili wa Mama Baada ya Miaka 40 na Dawa za Kupunguza Tumbo

Fundi cherehani hujua kabla ya daktari. Kitenge kilichoshonwa kwa ajili ya harusi miaka mitatu iliyopita hakifungi zipu, na mwenyewe anamwomba fundi akiachie kidogo kiunoni. Fundi anageuza nguo, anatazama mshono, anatikisa kichwa: kitambaa cha akiba kiliisha mara ya kwanza. Mama anarudi nyumbani na kuvaa dera. Dera halibani wala halisemi, na linaweza kutunza siri ya kilo 10 hadi siku ya picha za familia.

Baada ya picha, simu. Humo kuna tangazo la chai inayoyeyusha tumbo kwa siku 7, la kidonge kisicho na madhara kwa kuwa eti ni mitishamba, na siku hizi la sindano wanayodaiwa kuitumia mastaa. Muuzaji hana duka, ana namba ya simu. Malipo ni kwa simu, mzigo unaletwa na bodaboda, na boksi linaishia jalalani usiku uleule ili watoto wasiulize maswali.

Hapo ndipo wasiwasi wa maofisa wa udhibiti wa dawa unapoanzia. Kijitabu hiki kitaeleza mabadiliko ya mwili na kitagusa mazoezi, lakini agizo lake ni moja na litarudiwa hata lichoshe: dawa isiyo na usajili isitumiwe, na kama imekwisha kutumiwa, boksi lake lisitupwe.

Tumbo lilikotoka

Kwa wanawake wengi hedhi hukoma kati ya miaka 45 na 55. Huhesabiwa kuwa imekoma pale miezi 12 inapopita mfululizo bila damu. Mwili, hata hivyo, huanza safari hiyo miaka kadhaa kabla. Tarehe zinayumba, joto linapanda ghafla usiku, usingizi unakatika, na homoni ya estrojeni, ambayo tangu kubalehe ilikuwa ikielekeza mafuta kwenye nyonga na mapaja, inapungua. Mafuta yanahamia tumboni. Ndiyo maana mama anaweza kupanda mzani akakuta namba ileile ya mwaka jana, na bado sketi ikamkataa.

Nchini Marekani, utafiti unaojulikana kwa kifupi SWAN umewafuatilia wanawake zaidi ya 3,000 wa asili mbalimbali tangu mwaka 1996. Watafiti waliona kwamba mabadiliko ya ukomo wa hedhi yanapoanza, kasi ya kuongezeka mafuta hupanda karibu mara mbili, misuli nayo ikianza kupungua. Hali hiyo hutulia takribani miaka miwili baada ya hedhi ya mwisho. Hutulia yenyewe, bila chai. Neno hilo halimo kwenye matangazo.

Wauzaji hupenda pia kusema kwamba mwili wa miaka 40 umelala na unahitaji kuamshwa. Mwaka 2021 jarida la Science lilichapisha vipimo vya watu zaidi ya 6,400 kutoka nchi 29, wakiwemo watoto wachanga na wazee wa miaka 95. Baada ya kuzingatia ukubwa wa mwili, ilionekana kwamba nishati unayotumia kwa siku haibadiliki sana kati ya miaka 20 na 60. Kushuka kwenyewe huanza baada ya 60. Kiongozi wa kazi hiyo, Herman Pontzer, aliwahi kuwapima Wahadza wa kaskazini mwa Tanzania, watu wanaotembea na kuchimba mizizi kila siku, akakuta kwamba kwa siku nzima nishati wanayotumia hailingani na jasho lao: ni karibu sawa na ya Wamarekani wanaokaa ofisini. Mwili wa mama wa miaka 47 haujalala. Anayesema umelala anauza kitu.

Kinachobadilika zaidi ni maisha. Bomba limefika uani, bodaboda inasubiri mlangoni, watoto wakubwa wanafagia na kupika, na kila kikao kina soda na sambusa. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2015/16 ulikuta asilimia 28 ya wanawake wa Tanzania wenye umri wa miaka 15 hadi 49 wana uzito uliozidi au unene. Aliyenenepa ana wenzake wengi, na hana sababu ya kujificha.

Umenawiri, umekonda

Ushauri wa afya mara nyingi hukwama kwenye salamu. Anayerudi safari akiwa amejaa huambiwa amenawiri, maisha yamemkubali. Aliyepungua huulizwa kwa sauti ya chini, "Mbona hivi, unaumwa?"

Swali hilo lina historia yake. Mwaka 1983 wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walitambuliwa mkoani Kagera, na ng'ambo ya mpaka, Uganda, ugonjwa ukaitwa Slim kwa jinsi ulivyoumaliza mwili. Waliokuwa wasichana wadogo miaka ile ndio wenye miaka 50 leo. Wengi wao waliuguza na kuzika watu waliokonda. Tumbo linawatia aibu, kukonda kunawatia hofu, na katikati ya hofu hizo mbili anakaa muuzaji na ahadi iliyopimwa vizuri: tumbo litaondoka, nyonga zitabaki.

Hakuna kidonge kinachoijua njia ya kwenda tumboni kikaziacha nyonga. Hakuna chai ya namna hiyo, wala mafuta ya kupaka. Mkanda wa kubana husukuma nyama kwa saa chache. Ukivuliwa, nyama inarudi mahali pake.

Hata hivyo tumbo si suala la urembo tu. Mafuta yanayozunguka viungo vya ndani huenda pamoja na presha, kisukari na magonjwa ya moyo. Kwa mwanamke, kiuno kinachozidi sentimeta 80 ni cha kuangaliwa, na kinachozidi 88, yaani karibu inchi 35 kwenye futi kamba ya fundi, ni cha kupelekwa kwenye kituo cha afya kupimwa presha na sukari. Na tumbo linalokua peke yake, mikono na uso vikibaki vilevile, linaweza kuwa na uvimbe wa kizazi au wa ovari ndani yake. Wapo wanaoliharisha kwa chai miezi sita kabla halijapimwa. Damu inayotoka baada ya mwaka mzima bila hedhi nayo haingoji: ni hospitali.

Kilichomo ndani ya kidonge

Dawa iitwayo sibutramini iliwahi kuuzwa kihalali duniani kwa ajili ya kupunguza hamu ya kula. Jaribio kubwa lililohusisha karibu watu 10,000 wenye hatari ya ugonjwa wa moyo lilionesha kwamba waliopewa sibutramini walipata shambulio la moyo, kiharusi na matukio mengine ya moyo kwa asilimia 11.4, dhidi ya asilimia 10 kwa waliopewa kidonge kisicho na dawa. Mwaka 2010 Ulaya ikaisimamisha na Marekani ikaiondoa sokoni.

Haikufa. Iliingia ndani ya vidonge vya mitishamba, pasipo kuandikwa. Wachunguzi waliopitia maonyo ya serikali ya Marekani ya mwaka 2007 hadi 2016 walihesabu virutubisho 776 vilivyochanganywa dawa kwa siri. Zaidi ya 300 vilikuwa vya kupunguza uzito, na katika takribani 85 kati ya kila 100 vya kundi hilo ilikutwa sibutramini. Neno "asilia" lilikuwa kwenye lebo. Kemikali ilikuwa kwenye kidonge.

Sibutramini hupandisha presha na mapigo ya moyo. Miaka ya arobaini na hamsini ni miaka ambayo presha huanza kuwashika wengi, na wengine hawajawahi kupimwa. Chai nyingi za kusafisha tumbo nazo huwa na majani ya sena, ambayo ni dawa ya kuharisha. Uzito unaopungua asubuhi ni maji, si mafuta. Pamoja na maji hutoka madini ya potasiamu, na mama anayemeza tayari vidonge vya presha vya kukojoza anaweza kuyapoteza mara mbili, mpaka moyo uanze kudunda ovyo. Anapofikishwa mapokezi usiku, swali la kwanza la daktari ni: alimeza nini? Jibu liko jalalani.

Kwa hiyo, tena: dawa isiyo na usajili isitumiwe, na boksi lisitupwe.

Kalamu ya sindano

Semaglutidi ni dawa ya kweli. Ilianza kwa wagonjwa wa kisukari cha aina ya pili, ikiuzwa kwa jina la Ozempic, na mwaka 2021 Marekani iliidhinisha Wegovy, yenye dawa hiyohiyo, kwa ajili ya unene. Hudungwa mara moja kwa wiki, huanza na kipimo kidogo kinachopandishwa taratibu, na kabla ya kufunguliwa hutunzwa kwenye ubaridi wa nyuzi 2 hadi 8. Katika jaribio kubwa, waliodungwa walipungua wastani wa karibu asilimia 15 ya uzito kwa wiki 68. Walipoacha, ndani ya mwaka mmoja walirudisha theluthi mbili ya walichopoteza. Tangazo husoma sehemu ya kwanza tu.

Umaarufu wake umeleta bandia. Oktoba 2023, mamlaka ya dawa ya Austria ilionya baada ya watu kulazwa kwa kushuka sukari na hata degedege. Ilishukiwa kwamba ndani ya kalamu kulikuwa na insulini. Juni 2024 Shirika la Afya Duniani lilitoa tahadhari kwa nchi zote kuhusu matoleo matatu ya Ozempic bandia yaliyogunduliwa Brazil, Uingereza na Marekani. Toleo mojawapo lilikuwa na namba halisi iliyobandikwa kwenye bidhaa bandia. Kama waliozoea kukagua walihitaji namba na kalamu yenyewe mkononi ili kujua, mnunuzi wa kwenye simu atajuaje kwa kutazama picha?

Sindano iliyosafiri kwenye mfuko wa bodaboda saa sita mchana haikukaa kwenye nyuzi 8. Hiyo peke yake inatosha kuikataa. Duka la dawa muhimu la mtaani haliruhusiwi kuiuza. Saluni hairuhusiwi. Mtu anayeiuza kwa ujumbe wa simu haruhusiwi.

Boksi lisitupwe

Tanzania haikuanza jana kazi ya kudhibiti dawa. Desemba 2018 ilikuwa nchi ya kwanza Afrika kutambuliwa na Shirika la Afya Duniani kuwa imefikia ngazi ya tatu ya ukomavu wa udhibiti wa dawa, na sifa hiyo haikuokotwa. Lakini mkaguzi hawezi kukagua kilichochomwa na taka.

Boksi hueleza mambo manne: namba ya usajili, namba ya toleo, tarehe ya kuisha muda na jina la mtengenezaji. Likikosa hata moja, bidhaa hiyo ni ya kutiliwa shaka. Likiwa nayo yote bado litunzwe, pamoja na karatasi ya maelezo, chupa au kalamu, na ujumbe wa muamala. Anayepata mapigo ya moyo ya kasi, kizunguzungu, kuharisha kusikokoma au kutapika aache kutumia, aende kituo cha afya na boksi mkononi, na aombe fomu ya kuripoti madhara ya dawa ijazwe. Asiogope kukamatwa. Anayetafutwa ni muuzaji.

Dawa na vifaa tiba viko chini ya Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA), vyakula vilihamishiwa Shirika la Viwango Tanzania (TBS) mwaka 2019, na dawa za asili husajiliwa na Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala. Zanzibar ina Wakala wake wa Chakula na Dawa. Chai moja inaweza kudai kuwa yote matatu. Msomaji hahitaji kukariri mipaka hiyo. Apeleke boksi kituoni, maofisa watajua mlango wa kubisha.

Kinachofaa, kwa ufupi

Dawa halali za unene ni za cheti cha daktari. Kwa kawaida hufikiriwa kwa mwenye uwiano wa uzito na urefu (BMI) wa 30 au zaidi, au 27 akiwa na ugonjwa unaoambatana. Daktari ataeleza mengine. Mazoezi yanayopendekezwa ni dakika 150 kwa wiki za kutembea kwa haraka au kazi ya kiasi hicho, na siku 2 za kuimarisha misuli: kuinua ndoo, kupanda ngazi, kuchuchumaa na kuinuka. Hayo hayataurudisha mwili wa miaka 25, na aliyesema yataurudisha hakusema kweli. Hulinda misuli na mifupa, na hushusha presha.

Kwa yule ambaye boksi lake limekwisha kwenda na gari la taka, bado upo ushahidi. Tangazo lihifadhiwe kwa kupigwa picha kwenye simu kabla muuzaji hajalifuta. Namba yake isifutwe. Ujumbe wa malipo usifutwe. Vidonge vilivyobaki, hata viwili, viwekwe kwenye mfuko mkavu, mbali na watoto, na vipelekwe kituoni asubuhi.