Mchakamchaka umekufa shuleni, na wanaolipa ni watoto



Ndugu msomaji, katika shule nyingi za msingi za mjini, hasa za binafsi, mchakamchaka wa asubuhi umekufa na hakuna aliyeulilia. Uwanja umejengwa madarasa, ratiba imejaa, mtihani wa darasa la nne unakaribia. Tusiwasingizie walimu peke yao. Mara nyingi wanaoulalamikia kwenye vikao ni sisi wazazi: mtoto anarudi soksi zimechafuka, shati limelowa jasho, na ada tumelipa ili asome, siyo akimbie.

Hebu tuihesabu siku ya mtoto wa darasa la tano. Saa 12 asubuhi yumo ndani ya basi la shule, amekaa. Kuanzia saa 2 hadi saa 8 mchana yuko kwenye dawati, amekaa. Inafuata twisheni, amekaa. Baada ya swala ya alasiri yuko madrasa juu ya mkeka, amekaa mpaka karibu na magharibi. Usiku ni kazi za shule, kisha televisheni au simu ya mama, amekaa. Sisi tuliopita chuoni zamani nasi tulikaa na juzuu zetu, lakini tulikwenda kwa miguu na kurudi kwa mbio, na tukifika nyumbani tulitumwa maji. Mwili ulifanya kazi bila mtu kuiita mazoezi. Mtoto wa leo ameondolewa hiyo kazi na hakupewa kitu badala yake.

Shirika la Afya Duniani (WHO), katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linataka mtoto wa miaka 5 hadi 17 apate wastani wa dakika 60 kwa siku za shughuli inayomfanya ahemee. Kipimo chake ni rahisi: anaweza kuongea, lakini hawezi kuimba wimbo mzima bila kukata pumzi. Takwimu za WHO za mwaka 2016 zilionyesha kuwa asilimia 81 ya vijana wa miaka 11 hadi 17 duniani hawafikii kiwango hicho. Kwa wasichana ilikuwa asilimia 85.

Kwa nini jambo hili litushughulishe? Msuli unapofanya kazi huchota sukari kutoka kwenye damu. Msuli uliolala hauchoti vya kutosha, na homoni ya insulini hulazimika kutoka kwa wingi zaidi ili kazi ile ile ifanyike. Mwili ukizoea hali hiyo miaka na miaka, huku uzito ukipanda, njia ya kuelekea kisukari cha ukubwani inakuwa imeshafunguliwa. Mifupa nayo hujengwa utotoni na katika ujana, na huimarika kwa kubeba uzito, kuruka na kukimbia. Tatizo ni kuwa wengi wetu tukimwona mtoto mnene tunasema maashallah, ana afya, baba yake anamtunza. Mtoto anayepanda ngazi za ghorofa moja akashika kiuno, huyo hana afya hata mashavu yakijaa vipi.

Wapo wanaosema robo saa haitoshi kitu. Mwezi Februari mwaka 2012, katika shule ya msingi ya St Ninians mjini Stirling, Uskoti, mwalimu mkuu Elaine Wyllie aliona wanafunzi wake wanachoka hata kwa mzunguko mmoja wa uwanja. Akaanza kuwatoa nje dakika 15 kila siku, na sare zao za shule, wakimbie au watembee kwa kasi wanayoiweza. Hakukuwa na mashindano, wala vifaa, wala kubadili nguo. Wengi walifikia umbali wa maili moja, yaani kilomita 1.6, na utaratibu huo ukaenea nchi nyingi. Watafiti wa vyuo vikuu vya Stirling na Edinburgh walilinganisha watoto wa shule mbili, moja yenye utaratibu huo na nyingine isiyokuwa nao, na mwaka 2018 wakatangaza matokeo: waliokimbia waliongeza kama dakika 9 za shughuli za kuhemea kwa siku, wakapunguza kukaa kwa kama dakika 18, na pumzi yao ikawa bora zaidi. Wenzetu wamegundua mchakamchaka! Sisi tulikuwa nao miaka yote, tena na nyimbo zake.

Kinachofaa kuigwa kwao ni kwamba kila mtoto anashiriki. Kwetu michezo imekuwa ya wenye vipaji: kumi na moja wanaandaliwa kwa UMITASHUMTA, mia nne wanakaa kivulini kuwashangilia. Na tuache kufanya mbio kuwa adhabu. Mtoto aliyezungushwa uwanja kwa kuchelewa, au kuchapwa kwa kufika wa mwisho, atayachukia mazoezi mpaka uzeeni.

Shule isiyo na uwanja inaweza kutumia ua, kamba za kuruka, rede, hata kutembea haraka kuzunguka jengo, darasa moja baada ya jingine. Wakati mzuri ni asubuhi kabla jua halijakali. Mtoto apate uji kwanza na maji yawepo. Avae viatu, kwani minyoo ya safura hupenya kwenye ngozi ya mguu ulio wazi. Katika Ramadhani, waliofunga watembee taratibu asubuhi, wasikimbizwe mchana.

Kuhusu mabinti, nimesikia wazazi wakiwatolea visingizio kuwa mbio si heshima. Katika Hadithi iliyopokewa na Abu Dawud, Bibi Aisha (r.a.) anasimulia kuwa alishindana mbio na Mtume (s.a.w.) safarini akamshinda, na baadaye, alipoongezeka mwili, Mtume akamshinda yeye. Basi tuzungumzie mavazi na mahali, siyo kumkataza. Hijabu ya kitambaa chepesi isiyobanwa na pini, suruali pana chini ya sketi, na sehemu yao isiyo kando ya barabara, vinatosha.

Sasa wagonjwa, na hapa nawaomba walimu wawe makini sana. Mwenye pumu asiondolewe moja kwa moja. Akiwa na dawa yake ya kuvuta karibu, na akiitumia kama alivyoelekezwa kliniki, wengi hukimbia vizuri. Mwenye selimundu anahitaji kucheza kama wenzake, lakini anywe maji mara kwa mara, apumzike anaposema amechoka, na asilazimishwe hata hatua moja, kwa sababu kukaukiwa maji, baridi na kuchoka kupita kiasi huweza kumletea maumivu makali ya mifupa. Akisema mguu unauma, msimwite mvivu. Mtoto anayezimia akikimbia, anayeshika kifua, au anayehema kuliko wenzake wote kwa mbio fupi, asimamishwe na apelekwe hospitali kabla ya kurudi uwanjani. Huenda ana tatizo la moyo, na lipo linalotokana na homa ya baridi yabisi baada ya koo kuuma na kutotibiwa.

Mwalimu hawezi kuyajua haya kama hakuambiwa. Mzazi mwenye mtoto wa namna hiyo aandike barua kwa mwalimu wa darasa: ugonjwa, dawa, dalili za hatari na namba ya simu inayopatikana mchana. Nakala moja ibaki ofisini kwa mwalimu mkuu, nyingine apewe ustadhi wa madrasa.